Kibubu cha mama mdogo na milioni saba na nusu

Mwezi Mei 2025 mama mdogo aliamua kuezua chumba cha uani nyumbani kwake Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, abadilishe bati. Fundi alipopitisha mkono juu ya ukuta, pale boriti inapolala, akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na noti. Tulizihesabu juu ya mkeka, mimi na yeye: Sh380,000. Zilikuwa za marehemu baba mdogo, fundi cherehani ambaye hakuwahi kumwambia mtu kama ana akiba. Wekundu wa Msimbazi, yaani noti za elfu kumi, wa toleo la 2003, na mia tano za nyati zilizogandana kama karata za zamani.

Furaha ilidumu kama dakika kumi. Benki Kuu ilikuwa imeshatangaza tangu mwaka uliotangulia kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zipelekwe benki zikabadilishwe kati ya 6 Januari na 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali tena. Kopo lilishuka mwezi mmoja umechelewa. "Mwanangu, si zina tembo hizi?" aliniuliza, akiigeuza noti ya elfu kumi kwenye mwanga. Tembo alikuwepo, na pembe zake zote mbili.

Nimeanza na kopo kwa sababu kila mabishano ya "benki au ndani" ninayoyasikia, iwe kwenye daladala ya Nkuhungu au kwenye kahawa Majengo, huanzia kwa mwizi. Lakini kopo lile halikuibiwa. Mchwa wa Dodoma, wanaoweza kula mlango mzima wakakuachia rangi, hawakulifikia. Mvua haikupenya. Kopo lilifanya kazi yake sawasawa kwa miaka yote ile, na hela ikafa hivyohivyo.

Na hata kama tungeliwahi Aprili, kilichobaki kilikuwa mabaki. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Kwa kasi ile, noti iliyolala mwaka mzima inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu yake bila kuguswa. Miaka hii mambo yametulia, tunacheza kwenye asilimia 3 hivi, na watu wanaiona ndogo. Ipige kwa miaka kumi: robo ya hela imekwenda. Mwizi anayebeba robo ya akiba yako angetangazwa msikitini na kanisani. Huyu haachi hata nyayo.

Basi benki? Polepole kwanza. Mama mdogo ana hoja yake, na si ya kijinga hata kidogo: "Hizo benki nazo si zinafungwa?"

Zinafungwa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja: Covenant (benki ya wanawake), Efatha (yenye mizizi kanisani), Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa Benki ya Wananchi Mbinga. Kosa lilikuwa mtaji. Benki za wananchi zilikuwa zimepewa muda mrefu wa kufikisha Sh2 bilioni, na zilizoshindwa zikafungwa. Kisheria siwezi kubishana na uamuzi ule, maana benki isiyo na mtaji inachezea hela za wenyewe. Lakini soma tena yale majina. Wakulima, wanawake, waumini, watu wa wilaya fulani. Wale hasa tuliokuwa tunawahubiria waachane na kibubu ndio waliofika asubuhi wakakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Halafu tunawashangaa wakirudi kwenye kopo.

Benki za ukubwa mwingine zinapoumwa, mara nyingi hutafutiwa mwenye kuzilea. Meridien BIAO ilipoyumba mwaka 1995, Benki Kuu iliishika, na ikaishia mikononi mwa Stanbic. Twiga Bancorp iliwekwa chini ya uangalizi 2016, miaka miwili baadaye ikaunganishwa na Benki ya Posta, ambayo leo ni Tanzania Commercial Bank (TCB). Bank M ilikwenda Azania. China Commercial ilikwenda NMB mwaka 2020. Wateja wake hawakuambiwa hela imepotea, waliambiwa sasa nenda dirisha lile pale. Tofauti ya njia hizi mbili, kufungwa na kukabidhiwa, ni kitu ambacho mwenye akiba angepaswa kukijua kuliko kujua riba.

Hata kukabidhiwa kuna machungu yake. Bank M iliposhikwa Agosti 2018, huduma zilisimama siku 90, kisha zikaongezwa nyingine. Hela yako ipo, kitabu kinasema ipo, Gavana anasema ipo, na mtoto amefukuzwa ada. Ukimuuliza mtu kama huyo kuhusu usalama wa akiba atakujibu kwamba usalama una tarehe yake.

Sasa kuna Bodi ya Bima ya Amana. Mfuko wake ulianza 1994, na kazi yake ni moja: benki ikifungwa, kila mwenye amana analipwa mpaka kiwango fulani, na kinachozidi anasubiri mfilisi auze mali za benki, kama kutabaki kitu. Wewe mteja huchangii hata senti, benki ndizo zinazolipa kila mwaka, asilimia 0.15 ya amana walizonazo. Zile benki tano zilipofungwa, kiwango kilikuwa Sh1.5 milioni. Mkulima wa Kongwa aliyeuza lori la gunia 100 za mahindi pale soko la Kibaigwa na kuweka hela yote kwenye akaunti moja alikuwa ameshavuka mstari huo, bei iwe mbaya namna gani. Baadaye kiwango kimepandishwa hadi Sh7.5 milioni, yaani mara tano.

Hiyo namba, milioni saba na nusu, imenibadilisha msimamo zaidi ya hotuba yoyote. Kwa watu wengi ninaowafahamu hapa mjini, walimu, wauza nguo wa Sabasaba, madereva wa bajaji, wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo, akiba yao yote inaingia ndani ya bima ikabaki nafasi. Kwa watu hao swali la "benki ikianguka je?" limejibiwa, si kwa ukamilifu, maana kulipwa kunahitaji subira na makaratasi, lakini limejibiwa. Kopo la kwenye ukuta halina bodi. Na aliyevuka kiwango ana dawa nyepesi: bima inahesabiwa kwa mtu mmoja katika benki moja, hivyo milioni ishirini zilizogawanywa katika benki tatu zinalala usingizi tofauti na milioni ishirini za akaunti moja. Ajabu yake ni kwamba stendi ya Nanenane imejaa mabango ya mikopo, ila sijaona hata moja linalomwambia msafiri kwamba amana yake ina bima. Labda hakuna anayepata kamisheni kwa kulibandika.

Bima hiyo ina mpaka mwingine unaochanganya watu. SACCOS hazimo. Kikoba hakimo. Vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, si amana ya benki, navyo havimo. Hela ya kwenye simu inashikwa kwa akaunti za dhamana ndani ya mabenki, kwa mujibu wa sheria ya mifumo ya malipo ya 2015, kwa hiyo kampuni ya simu hairuhusiwi kuila kama mapato yake, lakini hilo halimsaidii aliyetumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" naye akatuma. Na DECI, kwa wanaoikumbuka, ule upatu wa kupanda mbegu na kuvuna mpaka Serikali ilipoisimamisha 2009, haikuwa benki wala SACCOS wala chochote. Nina jirani mpaka leo anaihesabu kwenye orodha ya "benki zilizotuangusha". Nimechoka kumrekebisha.

Hadi hapa ningeonekana nimeshaamua. Kabla hujaniamini, ngoja nikuoneshe karatasi yangu.

Nilikuwa na akaunti ya akiba katika benki moja hapa mjini, jina tuliache. Niliweka Sh150,000 nikasema hii siigusi, ya dharura. Sikuigusa kweli. Baada ya miezi kumi na minne nikaenda kuomba taarifa ya akaunti, nikakuta Sh117,400. Nikadhani wamekosea mtu. Karatasi ilikuwa na mistari midogo, mwezi baada ya mwezi: ada ya uendeshaji, ada ya ujumbe wa simu, kodi juu ya ada. Mstari wa riba ulikuwepo pia, nilimwomba dada wa dirishani anisaidie kuusoma kwa jinsi ulivyokuwa mwembamba. "Ni makato ya kawaida tu, kaka," akaniambia, kwa upole kabisa. Nilikubali ni ya kawaida. Ndiyo yaliyonitisha.

Baba mdogo, na kopo lake, hakuwahi kukatwa elfu mbili na ushee kila mwezi kwa kosa la kuwa na hela.

Hapa ndipo watetezi wa benki wanapoongea haraka wapite. Akaunti ya akiba ya kawaida Tanzania inalipa riba inayozunguka asilimia 3 kwa mwaka. Juu ya riba hiyo mamlaka ya kodi inachukua asilimia 10 yake. Kinachobaki hakimfikii mfumuko wa bei hata ukiwa mpole. Weka makato, na kwa mwenye laki moja au mbili akiba inapungua hata kabla ya kuzungumzia bei ya mafuta ya kula. Mwenye milioni kumi hayahisi, maana ada ni ileile kwake na kwangu. Kwa hiyo mtu wa akiba ndogo anapokuambia benki inamla, usimpe somo la elimu ya fedha. Amesoma karatasi yake.

Na kumbukumbu ya tozo bado haijapoa. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, watu walirejea kwenye noti waziwazi. Septemba mwaka huohuo Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikagusa hadi miamala ya benki, kisha ikalegezwa tena. Iwe sasa imepoa au la, somo walilolipata watu wa Majengo ni kwamba hela ikishaingia kwenye mfumo, yeyote mwenye kalamu anaweza kuikata. Huwezi kulifuta hilo kwa tangazo la redio.

Jibu langu ni kwamba akaunti ya kawaida ni njia ya kupita. Hela hailali pale. Inapita kuelekea akaunti ya muda maalumu, ambayo riba yake ya mwaka mmoja mara nyingi huzidi asilimia 8 na ukiwa na kiasi cha maana unaweza kubishania. Au kuelekea dhamana za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ambazo mnada wake unakubali kuanzia Sh500,000 kwa za muda mfupi na Sh1 milioni kwa za muda mrefu, hatifungani. Au UTT kwa anayetaka kutoa wakati wowote. Na kwa mwenye akiba ndogo zaidi, swali la kuuliza dirishani kabla ya yote ni hili: mna akaunti isiyo na ada ya mwezi? Ziko. Hawazitangazi kwa sauti, ukiuliza wanakupa fomu.

Lakini adui mkubwa wa akiba katika mkoa huu si benki wala mfumuko. Sisi wa Kanda ya Kati tuna mvua moja. Inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili. Aliyevuna mahindi au alizeti anauza Juni, Julai, na hela ile inatakiwa ifike Desemba ikanunue mbegu na kulipa trekta. Miezi sita. Katikati ya miezi hiyo kuna harusi zote za ukoo, kuna misiba, kuna shemeji anayefika na salamu ndefu. Hela iliyo ndani ya nyumba ina harufu. Ukiwa nayo huwezi kumwangalia mtu usoni ukasema huna, hasa kama wewe si mwongo mzuri. Ukiwa umeiweka mahali pa kuipandia bajaji, kujaza fomu na kusubiri siku, unasema "haipo hapa" na unasema kweli.

Wazee wa Kigogo walilijua hili kabla ya benki, ndiyo maana akiba yao ilikuwa na miguu minne. Ng'ombe hachomolewi mfukoni kwa ajili ya soda. Dosari yake ni kwamba ukame ukija, ng'ombe wote wa kijiji wanakonda kwa pamoja na kupelekwa mnadani kwa pamoja, na bei inaanguka siku ileile unayohitaji hela.

Kinamama wa vikoba nao wana jawabu lao, na mimi ni shabiki wake. Sanduku la chuma, kufuli tatu, washika funguo watatu wanaoishi nyumba tofauti, na hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ni kibubu kilichowekewa katiba. Udhaifu unakuja Novemba, wiki chache kabla ya kuvunja kikoba na kugawana, sanduku linapokuwa zito na mtaa mzima unajua liko kwa nani. Vikundi vyenye akili hupeleka hela benki kuanzia Septemba na kubakiza sanduku kwa ajili ya vikao. Ukitaka kujua watu wa kawaida wanaamini nini kuhusu benki na noti, angalia hapo: wanatumia vyote viwili, kila kimoja kwa msimu wake.

Maana noti nazo zina siku zao. Anayesema usiweke hata shilingi ndani hajawahi kusimama dirisha la dawa saa nane usiku akaambiwa mtandao umekata. Oktoba 29, 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, watu waliokuwa na kila kitu ndani ya programu ya simu walijifunza bei ya sukari kwa mkopo. Kwa hiyo nabakiza ndani hela ya wiki mbili za chakula, nauli na hospitali. Ikizidi hapo inaondoka. Wiki mbili ni kipimo changu, si sheria, na mwenye mgonjwa nyumbani angefanya busara kuongeza.

Kuna jambo moja ambalo kopo la baba mdogo lilinifundisha na sikulitegemea. Benki au ndani, akiba inakufa haraka zaidi ikiwa anayeijua ni mmoja. Hela ya benki haimfuati mjane kwa sababu tu ni mjane. Lazima kikao cha ukoo kikae, msimamizi wa mirathi apendekezwe, Mahakama imthibitishe, ndipo benki ifungue mdomo. Ni safari ya miezi, lakini ina mwisho, mradi kuna mtu anayejua kuna akaunti benki gani. Nimeona familia ikigawana baiskeli na masufuria, wakatawanyika, na hakuna aliyeuliza kama mzee alikuwa na kitabu. Baba mdogo alimficha mwizi hela yake, akamficha na mkewe. Kwa usiri alifaulu kuliko wote ninaowajua.

Mama mdogo aliuza mbuzi wawili Agosti hiyo, na safari hii tulikwenda benki pamoja. Alimhoji kijana wa dirishani kama hakimu: mnakata nini, kila lini, nikifa mnampa nani. Akaandika jina la binti yake kwenye sehemu ya mtu wa karibu, akaweka dole gumba kwa uangalifu, ingawa anajua kusoma na kuandika. Alisema sahihi huigwa.

Wiki mbili baadaye nilimkuta uani, bati jipya linawaka jua. Nikamuuliza kadi anaiweka wapi. Hakujibu, akanyanyua kidevu kuelekea juu ya ukuta, pale boriti inapolala. Kopo lilelile, mpira uleule wa baiskeli. Nikamwambia angalau namba ya siri asiiweke humo.

"Namba iko kwa dada yako," akasema. "Na kopo sasa unalijua wewe."